Nottingham Forest: Wageni wa Daraja la Kwanza Waliotwaa Ubingwa

Katika kila kikosi cha jeshi, na katika kila kituo cha polisi, wamo watu ambao sifa zao zimekwisha haribika. Mmoja ameandikiwa katika faili lake kwamba ni mkorofi. Wa pili inasemekana ni mvivu. Wa tatu ametumika miaka mingi, na sasa wakubwa wanamwona kuwa hafai tena ila kustaafishwa. Mkuu mpya akihamishiwa hapo, hukabidhiwa watu hao pamoja na mafaili yao, na mara nyingi huyasoma mafaili kabla hajawatazama watu wenyewe.

Leo tumeona vyema tuwasimulie ndugu zetu wa jeshi na wa polisi habari za timu moja ya kandanda iliyojengwa na wakuu wa namna nyingine, wakuu waliowatazama watu kwanza. Timu hiyo ni Nottingham Forest ya Uingereza, na msimu tunaoukusudia ni ule wa 1977/78. Forest waliingia Daraja la Kwanza, ambalo siku hizo ndilo lililokuwa la juu kabisa nchini humo, wakiwa wametoka Daraja la Pili miezi michache tu iliyotangulia. Kazi ya timu mgeni katika daraja kubwa hujulikana na kila mpenzi wa michezo: ni kujitahidi isirudi ilikotoka. Lakini ulipomalizika msimu, mwezi wa Mei 1978, wageni hao walikuwa mabingwa wa nchi, pointi saba mbele ya Liverpool, timu iliyokuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya nzima.

KLABU YA MTO TRENT

Nottingham ni mji ulio katikati ya Uingereza, nao una klabu mbili ambazo ni miongoni mwa klabu kongwe kabisa duniani. Notts County ilianzishwa 1862, na Nottingham Forest 1865. Viwanja vyao vimekaribiana, mto Trent ukipita kati yao.

Pamoja na ukongwe huo, Forest hawakuwa na mengi ya kujivunia. Walikuwa wametwaa Kombe la FA mara mbili, 1898 na 1959. Ubingwa wa ligi hawakupata kuugusa. Waliukaribia 1967 waliposhika nafasi ya pili, lakini miaka mitano baadaye, 1972, wakashuka Daraja la Pili, na huko wakawa kama chombo kilichokwama mchangani.

Mwezi wa Januari 1975 aliletwa meneja mpya, Brian Clough. Naye pia alikuwa mtu mwenye faili lake. Katika ujana wake alitumikia Jeshi la Anga la Uingereza kwa muda uliowekwa na sheria ya nchi, kisha akawa mshambuliaji hodari wa Middlesbrough na Sunderland, akafunga mabao 251 katika michezo 274 ya ligi. Siku ya tarehe 26 Desemba 1962 aliumia goti vibaya mno, na uchezaji wake ukakomea hapo, ingawa alijaribu kurudi. Akageukia kazi ya umeneja. Mwaka 1972 aliifanya Derby County kuwa bingwa wa Uingereza. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali, na ugomvi wake na wakurugenzi wa klabu ulikuwa mwingi. Aliondoka Derby kwa ugomvi 1973, na mwaka uliofuata Leeds United wakamfukuza baada ya siku 44 tu za kazi. Kwa hiyo mtu aliyewasili Nottingham miezi minne baadaye alikuwa mtu ambaye klabu nyingi kubwa zilikuwa zikimwogopa.

Msaidizi wake wa tangu zamani, Peter Taylor, hakuja naye mara moja. Alimfuata Nottingham katikati ya mwaka 1976. Taylor alikuwa mlinda mlango pale Middlesbrough wakati Clough alipokuwa mshambuliaji, nao walifanya kazi pamoja Derby. Wajuzi wa mambo yao husema kwamba Clough ndiye aliyekuwa sauti na Taylor ndiye aliyekuwa jicho. Mmoja aliwaamuru watu, na mwingine aliwatafuta watu wa kuamriwa. Bila Taylor, katika misimu yake ya kwanza, Clough aliiweka Forest nafasi ya 16, kisha ya nane. Alipokuja Taylor, mambo yakabadilika.

WALIPANDA KWA POINTI MOJA

Wasomaji wasidhani kwamba Forest walipanda daraja kwa kishindo. Msimu wa 1976/77 walimaliza wa tatu katika Daraja la Pili kwa pointi 52, nyuma ya Wolverhampton na Chelsea. Siku hizo mshindi wa mchezo alipewa pointi mbili, na timu tatu za juu ndizo zilizopanda. Forest walimaliza michezo yao yote wakati Bolton, waliokuwa wakiwafuata, bado walikuwa na michezo mkononi. Ikawalazimu wakae wasubiri hukumu itokayo katika miguu ya watu wengine. Bolton walifungwa nyumbani na Wolverhampton bao 1-0, na habari hiyo iliwafikia wachezaji wa Forest wakiwa safarini kwenda kupumzika katika kisiwa cha Majorca. Bolton walibaki na pointi 51.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Pointi moja ni mpira mmoja uliogonga mwamba, au refa mmoja aliyeinua mkono. Laiti pointi hiyo ingekwenda kwingine, haya yote tunayoyasimulia yasingalikuwapo, na huenda baadhi ya watu tutakaowataja wangalimaliza maisha yao ya mpira bila kujulikana. Bahati ilikuwa na fungu lake. Lakini bahati ilifungua mlango tu. Kuingia ndani na kukaa ilikuwa kazi yao wenyewe.

WATU WALIOKUWA WAMEWEKWA KANDO

Hebu sasa tuwakague watu hao mmoja mmoja, kama mkuu anavyokagua gwaride.

Wa kwanza ni John Robertson, kijana wa Uskoti. Alikuwa Forest tangu 1970, na Clough alipofika alimkuta mnene, mvutaji sigara, asiyejali mavazi yake, naye alikuwa katika orodha ya wachezaji wanaouzwa. Mbio hakuwa nazo. Meneja mwingine angalimwuza siku hiyo hiyo. Clough na Taylor walimkaripia sana kuhusu mwili wake, lakini waliona jambo ambalo halikuandikwa popote, nalo ni kwamba mpira ulipofika miguuni mwake haukupotea, na alipoupiga ulikwenda mahali alipoukusudia. Wakamtoa katikati ya uwanja wakamweka winga ya kushoto. Kuanzia hapo timu nzima ilijua kwamba ikibanwa, mpira upelekwe kwa Robertson. Msimu huo alifunga mabao 12 ya ligi na kuwatengenezea wenzake mengine mengi.

Wa pili ni Kenny Burns, Mskoti pia, aliyenunuliwa kutoka Birmingham City katika kiangazi cha 1977. Huyu ndiye aliyekuwa na faili chafu kuliko wote. Alisifika kwa ugomvi uwanjani, na ilisemekana kwamba nje ya uwanja ni mlevi wa kamari. Taylor hakutosheka na uvumi. Alimfuata kwa siri hadi kwenye mashindano ya mbio za mbwa, akijificha asitambuliwe, akatazama kwa macho yake ni fedha kiasi gani zinazowekwa. Akaona ni kidogo tu, akaamua kwamba mtu huyu anafaa. Ndugu zetu wapelelezi watakubali kwamba huo ulikuwa upelelezi wa haki, kwa sababu Taylor alikwenda kuutafuta ukweli, hata kama ungekuwa wa kumwokoa mshukiwa. Burns msimu uliotangulia alicheza mshambuliaji na kufunga mabao mengi. Wakamrudisha nyuma akawa beki wa kati, na mwisho wa msimu waandishi wa michezo wa Uingereza wakamchagua kuwa Mchezaji Bora wa mwaka 1978.

Wa tatu ni Frank Clark, beki wa kushoto. Newcastle United, alikotumika zaidi ya miaka kumi, walimwachilia bure 1975 kwa kumwona amezeeka. Mwezi wa Septemba 1977 alitimiza miaka 34. Wa nne ni Larry Lloyd, beki mrefu mwenye nguvu ambaye Liverpool walimwuza Coventry, na Coventry nao wakamwachia Forest. Wa tano ni nahodha, John McGovern, mtu mpole asiye na mbwembwe. Mashabiki wa Leeds walimzomea alipokuwa kwao chini ya Clough, lakini Clough alimjua tangu utotoni mwake pale Hartlepools, wala hakuacha kumwamini.

Ukiwatazama watu hawa katika karatasi, utasema hii ni timu ya masalio. Ukiwatazama uwanjani, utaona kwamba kila mmoja amepewa kazi ile moja anayoiweza kuliko nyingine zote, na amekatazwa kujisumbua na zile asizoziweza. Lloyd aupige mpira kwa kichwa na kuuondosha. McGovern aupokee na kumpa aliye karibu. Robertson autie katikati. Peter Withe, mshambuliaji mwenye kifua, apambane na mabeki ili Tony Woodcock mwenye mbio apate nafasi. Mafundisho yenyewe hayakuwa marefu. Clough hakupenda hotuba za ubaoni, na alishikilia kwamba mpira ni mchezo rahisi ambao watu wenye maneno mengi wameufanya mgumu.

LINDO LA MWISHO

Yasije yakadhaniwa kuwa Forest walikuwa maskini wasio na senti. Palipohitajika fedha, walizitoa. Na jambo la kutazamwa ni mahali walipozitoa.

Timu nyingi zikipanda daraja hukimbilia kununua mfungaji wa mabao. Mwezi wa Septemba 1977, msimu ukiwa umekwisha anza, Forest walilipa pauni 270,000 kumnunua mlinda mlango. Alikuwa Peter Shilton wa Stoke City, klabu iliyokuwa imeshuka daraja mwaka huo huo. Kwa siku zile hizo zilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu wa kukaa golini, na wako waliocheka. Lakini Clough na Taylor walikuwa na hesabu yao. Mshambuliaji hodari aweza kukuletea bao siku moja na siku nyingine asilete. Mlinda mlango hodari hukuwekea pointi akiba kila wiki, maana timu isiyofungwa haiwezi kushindwa.

Hesabu hiyo haikuwadanganya. Kabla ya Shilton, katika michezo mitano ya kwanza, Forest walifungwa mabao 6. Alipoingia Shilton, katika michezo 37 iliyobaki walifungwa mabao 18 tu. Jumla ni mabao 24 katika michezo 42. Kila askari aliyepata kusimama lindo la usiku anaelewa maana ya tarakimu hizo. Wenzako walio ndani hulala usingizi mnono, na wakiamka wana nguvu za kazi ya mchana, kwa sababu wanajua aliyeko mlangoni halali.

Pamoja na Shilton aliletwa Archie Gemmill kutoka Derby, mfupi wa kimo, mwenye mapafu ya farasi. Na Lloyd alipoumia mguu mwezi wa Novemba, mara moja alinunuliwa David Needham kuziba pengo. Hata hivyo wachezaji wote waliotumika katika ligi msimu mzima walikuwa 16 tu. Siku hizo timu iliruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja tu katika mchezo, nao msimu ulikuwa wa michezo 42, katika matope ya baridi ya Uingereza.

SAFARI YENYEWE

Msimu ulifunguliwa tarehe 20 Agosti 1977, Forest wakiwa wageni wa Everton mjini Liverpool. Wenyeji walitarajia kuwafundisha wageni adabu, lakini wageni wakashinda 3-1. Baadaye wakaifunga Bristol City 1-0 na Derby 3-0. Hapo watu wakaanza kuulizana, lakini jibu lilipatikana upesi: tarehe 3 Septemba, mjini London, Arsenal waliwachapa 3-0. Wajuzi wakatikisa vichwa wakasema, si tuliwaambia?

Tunadhani huo ndio uliokuwa mtihani wa kweli wa msimu ule. Timu mgeni ikipigwa mara ya kwanza hushikwa na moja ya magonjwa mawili. Ama huingiwa na hofu ikajifungia langoni, ama huona aibu ikatoka mbio kulipiza kisasi na kuacha mlango wazi. Forest hawakufanya hili wala lile. Wiki iliyofuata walikwenda Wolverhampton wakashinda 3-2, na mara tu baada ya hapo ndipo Shilton alipowasili. Tarehe 4 Oktoba waliipiga Ipswich 4-0, mabao yote manne yakifungwa na Withe, na katika mwezi huo wakashika kilele cha ligi.

Novemba iliwaletea majaribu mengine. Chelsea waliwafunga 1-0, na wiki mbili baadaye, tarehe 19, Leeds nao wakawafunga 1-0. Magazeti yakasema sasa puto linatoa pumzi. Lakini huko Leeds ndiko Forest waliposhindwa kwa mara ya mwisho katika ligi msimu huo. Kuanzia tarehe 26 Novemba walicheza michezo 26 ya ligi bila kushindwa hata mmoja mpaka msimu ukafungwa. Nyumbani kwao hawakufungwa katika ligi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ushindi uliowanyamazisha wenye kubeza ulipatikana tarehe 17 Desemba katika uwanja wa Old Trafford. Forest waliwafunga Manchester United 4-0 mbele ya mashabiki wao wenyewe, Woodcock na Robertson wakiwakimbiza mabeki wa wenyeji kama watu wanaofukuza kuku uani. Siku tisa baadaye Liverpool walikuja Nottingham wakaondoka na sare ya 1-1. Tangu siku hiyo hakuna tena aliyewaita Forest wageni.

Mwezi wa Machi 1978 timu hizo mbili zilikutana tena katika fainali ya Kombe la Ligi, uwanjani Wembley. Forest waliingia wakiwa wamepungukiwa. Shilton, Gemmill na Needham hawakuruhusiwa kucheza kwa mujibu wa kanuni za mashindano hayo. Golini alisimama kijana wa miaka 18, Chris Woods, ambaye alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi. Liverpool walimshambulia alasiri nzima, lakini hawakupata kitu: 0-0, hata baada ya muda wa nyongeza. Mchezo wa marudiano ulifanyika siku nne baadaye huko Old Trafford, na Robertson akafunga bao pekee kwa mkwaju wa adhabu. Haki itupasayo kuisema ni kwamba Liverpool walilalamika sana, wakidai kosa lilitendeka nje ya eneo la hatari, na picha ziliwapa watu wengi sababu ya kuwaunga mkono. Nahodha McGovern alikuwa majeruhi. Aliyepanda kulipokea kombe kwa niaba ya timu alikuwa Kenny Burns, yule yule mwenye faili chafu.

Ligi ilimalizika kwa namna iliyowafaa. Tarehe 22 Aprili 1978, mjini Coventry, Forest walihitaji pointi moja tu. Mshambuliaji wa Coventry, Mick Ferguson, aliupiga mpira kwa kichwa akiwa karibu kabisa na goli, na watu wakainuka wakiamini ni bao. Shilton akaruka, akautoa nje. Mchezo ukaisha 0-0, na ubingwa ukapatikana michezo minne ikiwa bado. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: michezo 42, kushinda 25, sare 14, kushindwa 3, mabao 69 kwa 24, pointi 64. Liverpool walikuwa na 57, na Everton 55. Withe na Robertson walikuwa na mabao 12 kila mmoja, na Woodcock 11. Timu haikuwa na mfungaji wa kutisha, bali mzigo ulibebwa na wengi.

NIDHAMU YA MDOMO

Liko jambo moja la timu hii ambalo tunaona linawahusu sana wasomaji wetu. Wachezaji wa Forest hawakubishana na waamuzi. Clough alikataza kabisa, naye alipokataza jambo halikurudiwa. Refa akipuliza filimbi, hata kama amekosea, mchezaji wa Forest aligeuka akarudi mahali pake. Mtu anayebishana na refa huwa ameacha nafasi yake, na mpira haumngojei amalize hoja. Hata Burns, ambaye kwingine alijulikana kwa hasira, alijifunza kufunga mdomo.

Lakini tusimpake Clough mafuta ya utakatifu. Alikuwa mtu mkali, mara nyingine mwenye kuwavunjia watu heshima, na wako wachezaji waliomwogopa kuliko walivyompenda. Yeye aliyewakataza wengine kubishana, mwenyewe alibishana na wakubwa wake maisha yake yote. Kitu kilichowafanya watu wamvumilie ni kwamba alipowaambia kazi yao ilikuwa wazi, na walipoifanya aliwasifu wazi vile vile. Askari hulalamikia ukali wa mkuu, lakini zaidi huumizwa na amri isiyoeleweka, na kazi njema isiyotajwa.

Tusimsahau pia kijana Viv Anderson, beki wa kulia, mzaliwa wa Nottingham. Alikuwa mtu mweusi katika nyakati ambazo viwanja vingi vya Uingereza vilijaa matusi dhidi ya wachezaji weusi, na alirushiwa mpaka matunda na watu waliokuja eti kutazama mchezo. Aliendelea kucheza. Tarehe 29 Novemba 1978, uwanjani Wembley dhidi ya Chekoslovakia, akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu kuu ya taifa ya Uingereza katika mchezo kamili wa kimataifa.

YALIYOFUATA

Waliosema ubingwa ule ulikuwa wa kubahatisha walipewa jibu upesi. Forest waliendelea bila kushindwa katika ligi mpaka wakafikisha michezo 42, hesabu ya msimu mzima, kabla Liverpool hawajawafunga 2-0 tarehe 9 Desemba 1978. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 2004, ilipovunjwa na Arsenal. Katika Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya, Forest waliwatoa Liverpool katika raundi ya kwanza, na mwezi wa Mei 1979 mjini Munich wakawafunga Malmö ya Sweden 1-0 wakawa mabingwa wa Ulaya. Frank Clark, mzee aliyeachiliwa bure, alikuwa uwanjani siku hiyo. Mwaka 1980 mjini Madrid walilitetea kombe lao kwa kuwafunga Hamburg 1-0, na mfungaji alikuwa John Robertson, yule aliyekuwa katika orodha ya kuuzwa.

Kila chenye mwanzo kina mwisho. Taylor aliondoka 1982, urafiki wake na Clough ukavunjika, naye akafariki 1990 kabla hawajapatana. Mwaka 1993 Forest walishuka daraja, na Clough akastaafu. Alifariki 2004. Klabu ilipotea daraja la juu tangu 1999 mpaka iliporudi 2022.

Timu zilizopata kupanda na kutwaa ubingwa wa Uingereza katika msimu uo huo wa kwanza ni chache mno. Liverpool walifanya hivyo 1906, Everton 1932, Tottenham 1951, Ipswich 1962, na Forest 1978. Ujerumani wana mfano wao, Kaiserslautern ya mwaka 1998. Nasi watu wa Afrika Mashariki hatukukosa wetu: Tukuyu Stars ya mkoani Mbeya, iliyoingia ligi kuu ya Tanzania Bara na kutwaa ubingwa 1986 mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Tangu msimu ule wa Forest, hakuna mgeni mwingine aliyefanya hivyo Uingereza, na fedha zilivyotawala mchezo siku hizi, mlango huo umezidi kuwa mwembamba.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Chombo hiki cha Forest kiliundwa kwa mbao ambazo mafundi wengine walikwisha zitupa uani. Taylor hakuyaamini mafaili wala hakuyapuuza, alikwenda kutazama. Clough naye alimweka kila mtu mahali pake, akamwambia kazi yake kwa maneno machache, na akaanza na mlango kabla ya madirisha.

Basi ndugu yetu uliyepewa kikosi kipya, au wewe koplo uliyekabidhiwa watu wanane na karatasi zao, kesho asubuhi watu hao watakuwa wamejipanga mbele yako. Kabla hujamwita mtu mkorofi kwa kuwa aliyekutangulia alimwita hivyo, mpe zamu moja, mpe kazi moja, kisha uende ukamtazame.